Papa Méthode, Aliyetushusha Mlimani Bila Breki

Ijumaa tarehe 31 Julai 2015, saa kumi jioni, Papa Méthode Barakamfitiye ataegesha Land Cruiser nyeupe katika ua wetu wa Umbilo Road hapa Durban kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi wa kampuni hii. Aliingia kazini Jumatatu tarehe 3 Machi 1997. Hiyo ni miaka kumi na minane na karibu miezi mitano ya kupeleka majokofu, na mafundi wa majokofu, kwenye kliniki na maduka ya milimani, kuanzia Howick hadi kule juu ya Himeville ambako ng'ombe ni wengi kuliko magari.

Mimi ninayeandika ni Laetitia, niliyeanza hapa mwaka 2009 kama karani wa ofisi. Wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu kati yetu kumi na wanne, kumi na mmoja tumetoka Kivu au Burundi, na kwa sababu Papa Méthode mwenyewe alisema hataki kusifiwa kwa lugha inayomlazimu kutafuta miwani. Bosi wetu, Bwana Perumal, atatafsiriwa na fundi Achille. Ninamwomba Achille asiruke sehemu zinazomhusu yeye. Nimeziweka kwa makusudi.

Kazi yenyewe Papa Méthode aliipata kwa rivasi. Wakati huo alikuwa mlinzi wa magari ng'ambo ya barabara, amevaa kile kizibao cha rangi ya machungwa tunachokijua wote, maana wengi wetu tumewahi kukivaa. Siku hiyo lori lililotoka bandarini na majokofu thelathini lilikuwa limejaribu kuingia uani kwetu mara saba, na kila mara lilikuwa linagusa ukuta wa jirani. Papa Méthode alivumilia mara sita. Mara ya saba alivuka barabara, akavua kofia, akamwomba dereva ampishe kidogo. Akaliingiza lori kinyumenyume kwa mkupuo mmoja, akashuka, akarudi kulinda magari yake. Bwana Perumal alimfuata na kumwambia aje Jumatatu. Alikuja Jumapili, kuhakikisha kwamba lango ni lile lile.

Alizaliwa Rumonge mwaka 1950, na kwa miaka zaidi ya ishirini aliendesha malori ya saruji na sukari kati ya Bujumbura, Uvira na Bukavu. Wanaoijua Ngomo hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba ni barabara iliyobandikwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta, upande wa pili hakuna kitu, na mvua ikinyesha katikati panakuwa uji. Pale dereva anajifunza kwamba ukiingia kwenye matope usiachie mafuta. Unakanyaga, tairi zinazunguka, zinajisafisha, zinachimba hadi zikute udongo mgumu, na gari linatoka likinguruma, limempaka kila mtu tope. Papa Méthode alikuwa bingwa wa jambo hilo, na jambo hilo hilo ndilo lililomtia aibu huku.

Julai ya mwaka wake wa kwanza alitumwa juu ya Underberg na jokofu la duka, akakuta mlima mzima mweupe. Theluji alikuwa ameiona kwenye kadi za Noeli tu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Afrika nayo inayo. Kwenye kilima cha kwanza tairi za nyuma ziliteleza kidogo, naye akafanya kile Ngomo ilichomfundisha: akakanyaga. Theluji iliruka hadi juu ya paa, na gari likazama taratibu pale pale lilipokuwa mpaka milango ikagoma kufunguka. Kila alipoongeza mafuta, tairi ziliisugua theluji ikageuka barafu, laini kama sahani. Anasema alichimba kaburi zuri, vipimo sahihi kabisa, na yeye mwenyewe akiwa ameketi ndani.

Aliyemtoa ni dereva wa trekta wa shamba la karibu, mzee wa Kizulu aliyeitwa Baba Dladla, ambaye alicheka kwanza hadi akashiba, kisha ndipo akafunga mnyororo. Baada ya kumvuta alimpeleka kwenye uwanja wa malisho uliokuwa mtupu, akamwamuru avue kiatu cha mguu wa kulia, akamfanya apande na kushuka uwanja ule mpaka adhuhuri. Bila kiatu, mguu unaisikia pedali. Unajua umekanyaga kiasi gani kabla tairi hazijajua. Tangu siku hiyo, theluji ikianguka, Papa Méthode anaendesha na soksi, na mkewe Mama Libérate amemfumia soksi moja nene ya bluu kwa kazi hiyo. Moja tu. Mguu wa kushoto unajitegemea.

Amefundisha madereva tisa wa kampuni hii, na wote wanaweza kuliimba somo lake wakiwa wamelala. Fo-bai-fo inakusaidia kuondoka. Kwenye kusimama uko sawa na mwenye kigari cha Citi Golf. Magurudumu yote manne yaingize kazini kabla hujayahitaji, siyo baada ya kukwama na kuanza kutukana. Ondoka na gia ya pili, polepole, ili nguvu isizifikie tairi kwa kishindo. Ukipanda, usipite walipopita wenzako, maana wameshapang'arisha. Tafuta theluji mbichi pembeni, ndiyo yenye mshiko. Ukishuka, acha injini ilizuie gari, na miguu yote miwili iwe sakafuni kama uko kanisani. Gari likianza kuteleza, tazama unakotaka kwenda na usitazame korongo, kwa sababu mikono inafuata macho. Dereva mgeni aliyemuuliza tofauti ya Ngomo na mlima huu alijibiwa kwa maneno machache: "Kule tulikuwa tunapigana. Huku tunaomba."

Mafundisho hayo alishuka nayo mpaka mjini, na hapo ndipo alipotuchosha. Umbilo Road haijawahi kuona theluji tangu dunia iumbwe, lakini Papa Méthode aliacha mbele yake nafasi ya kutosha basi la shule kugeuka. Taxi ziliijaza, naye akaacha nyingine. Zikaijaza hiyo pia. Robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa kijani, alingoja kidogo kwanza aone kama watu wa upande wa pili wanaiamini. Tuliokuwa na haraka tulishuka tukatembea, na mara mbili nilifika ofisini kabla yake.

Halafu kulikuwa na habari ya majivu. Nyumbani kwao Cato Manor, Mama Libérate anapika maharage kwa makaa, na kila jioni majivu yanachekechwa na kuwekwa kwenye makopo ya maziwa ya Nido. Kufikia Juni makopo yanakuwa thelathini, yamepangwa barazani kama dukani. Majirani walianza kunong'ona. Mmoja alimleta mchungaji aangalie. Mchungaji aliangalia, akaelezwa kwamba majivu yale humwagwa mbele ya tairi penye barafu ili zipate pa kushika, akaondoka na makopo mawili kwa ajili ya ngazi za kanisa zinazoteleza wakati wa mvua. Na kwa kuwa Land Cruiser yetu ni pikapu, na pikapu isiyo na mzigo ina mgongo mwepesi na tairi za nyuma zinachezacheza, Papa Méthode alikuwa akipitia kwa Mama Agathe, mwenye duka la vyakula hapo Umbilo, akiazima magunia manne ya unga wa muhogo. Aliyalaza nyuma, juu kabisa ya ekseli, akapanda nayo mlimani, akarudi nayo jioni, akayapanga dukani yalipokuwa. Wateja wa Mama Agathe, mkiwemo ninyi mnaosoma, mmekula fufu iliyotalii kuliko ninyi wenyewe.

Sasa Achille. Achille ni fundi hodari wa baridi na hakuna anayebisha. Lakini baridi anayoijua ni ile iliyo ndani ya jokofu. Mwaka 2010, asubuhi moja ya Juni huko Bulwer, alikuta kioo cha mbele cha Land Cruiser kimefunikwa na barafu, akaona dawa ni rahisi: akachukua chupa ya chai, chai ya moto yenye maziwa na tangawizi, akaimwaga yote juu ya kioo. Kioo kilipasuka kutoka kona hadi kona. Papa Méthode alitoka, akatazama kioo, akatazama chupa tupu, na kitu pekee alicholalamikia ni chai. Walirudi Durban kilomita mia moja na sitini wakichungulia kati ya nyufa, na Achille alifungiwa blanketi kichwani kama bibi harusi kwa ajili ya upepo.

Yanayofuata sijawahi kuyaandika popote. Jumanne tarehe 7 Agosti 2012, wengi mnakumbuka, ni siku theluji ilipoanguka karibu nchi nzima. Alfajiri hiyo tulikuwa tumeondoka watu watatu, Papa Méthode, Achille na mimi, kwenda kufunga jokofu la chanjo kwenye kliniki ndogo ya misheni juu ya Himeville, kilomita ishirini na mbili za vumbi kutoka kwenye lami. Mimi nilikwenda kuandika namba za vifaa, kazi ya mara moja kwa mwaka. Niliahidiwa kwamba saa nane mchana nitakuwa nyumbani.

Ahadi hiyo niliihitaji. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na barua ya mahojiano ya mwisho ya ombi langu la ukimbizi: Jumatano tarehe 8 Agosti, saa mbili kamili asubuhi, Durban. Nilikuwa nimeisubiri miaka minne. Miaka yote hiyo niliishi kwa kibali cha miezi michache michache, na kibali cha namna hiyo ukikipeleka benki wanakuonyesha mlango, ukikipeleka chuoni wanakuonyesha mlango mwingine. Barua ilisema asiyefika bila sababu ya kueleweka ombi lake litahesabiwa kuwa ameliacha mwenyewe. Nikawa najaribu kuwaza jinsi nitakavyoingia kwenye ofisi ya Durban, mji ambao mwezi wa nane watu wanaogelea, niseme nilizuiwa na theluji. Hata mimi nisingejiamini.

Ilianza kuanguka saa tatu asubuhi. Saa nne Papa Méthode alisema twende. Lakini jokofu lilikuwa bado halijatulia kwenye baridi yake, chanjo za watoto zilikuwa bado kwenye sanduku, na Achille alikataa katakata kuondoka. Alikuwa na haki, na hapa ninampa sifa yake. Tuliondoka saa sita, barabara haionekani tena, nguzo za ua wa shamba zikiwa ndiyo ramani yetu. Papa Méthode alikuwa ameshavua kiatu. Nilikaa katikati, mkoba mapajani, nikihesabu saa.

Tulitambaa. Kilomita kumi za kwanza tulizimaliza kwa saa moja na nusu, na kila nilipotazama kipimo cha mwendo sindano ilikuwa imelala. Tulipofika kwenye shingo ya mlima, ambapo barabara inashuka kilomita tatu zenye kona kali, mzee alisimamisha gari, akazima injini, akavaa mabuti ya mpira, akachukua mpini wa fagio aliopewa na masista wa kliniki, akashuka kwa miguu. Alikwenda akichomachoma theluji kama mtu anayetafuta sarafu. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Aliporudi nilikuwa nimeshalia na kumaliza, nimefika kwenye hasira. Nilimpigia kelele, jambo ambalo kwetu binti hamfanyii baba wa umri ule: "Papa, kesho iko maisha yangu! Unatembeatembea tu!"

Hakukasirika. Alijipangusa theluji begani, akasema, "Njo maana nimesimama, mwanangu."

Walimwaga majivu, yeye na Achille, makopo yote kumi na manne tuliyokuwa nayo, kwenye kona ya kwanza na mwanzo wa ya pili. Kisha tukaanza kushuka kwa gia za chini kabisa, injini ikiguna, miguu ya Papa Méthode yote miwili sakafuni, mmoja na buti, mmoja na soksi ya bluu. Kona ya kwanza ilipita vizuri hata nikapumua. Kwenye kona ya pili, pale majivu yalipoishia, nyuma ya gari ikaanza kwenda upande wake yenyewe, taratibu, bila kelele, ikielekea korongoni.

Achille akapiga ukelele: "Eish! Breki, Papa, breki!" Papa Méthode hakugusa breki. Aligeuza usukani kidogo kufuata mtelezo, na nikaona ile soksi ikishuka juu ya mafuta, kidogo tu, ili tairi za mbele zituvute tunyooke. Leo najua kwamba zilikuwa zimeanza kuvuta. Siku ile sikujua kitu. Breki ya mkono ilikuwa kando ya goti langu. Nikaishika kwa mikono miwili, mimi karani wa ofisi, nikaivuta mpaka mwisho.

Tairi za nyuma zikafunga. Gari likazunguka kama mlango, nikaona mlima, nikaona mbingu, nikaona mlima tena, halafu kukawa na kishindo na kimya. Tulikuwa tumekaa kwenye mtaro wa upande wa ndani, bawa la kushoto, lile bati la juu ya tairi, limebonyea kwenye jiwe. Kama lingezunguka kwa upande wa pili, hotuba za siku kama hii zingekuwa zimeshasomwa zamani. Papa Méthode aliachia usukani, akapumua, akanitazama mikono, ambayo bado ilikuwa imeng'ang'ania breki.

"Laetitia," akasema, "breki yako iko nzuri. Inafanya kazi."

Kisha akauliza nani ana chai. Alitulazimisha kula maandazi ya Mama Libérate, matatu kila mmoja, kabla ya kushika koleo, kwa sababu anaamini mtu mwenye njaa anachimba kwa hasira na mwenye hasira anachimba kaburi. Nilitafuna huku machozi yakiingia kwenye andazi. Ilikuwa imeshapita saa nane mchana, saa niliyoahidiwa kuwa nyumbani.

Tulichimba mbele ya kila tairi na chini ya tumbo la gari. Alipunguza upepo wa tairi hadi zikalala pana. Magunia mawili ya Mama Agathe yalimwagwa unga wake kwenye turubai, na magunia matupu yakatandikwa mbele ya tairi za nyuma kama mikeka. Achille alilala juu ya turubai kuulinda unga usipeperuke, na picha hiyo ninaomba Mungu asiniondolee kichwani. Papa Méthode aliingia, akaenda mbele kiganja kimoja, akarudi nyuma, akaenda mbele viganja viwili, akarudi, akilibembeleza gari kwa Kirundi. Hakuna hata mara moja tairi zilipozunguka bure. Mara ya tisa au ya kumi likapanda juu ya magunia, likatoka mtaroni, na mimi na Achille tukakumbatiana, jambo ambalo hatujalirudia.

Kona ya tatu nilikaa juu ya mikono yangu mwenyewe. Tulikanyaga lami saa kumi na nusu, na saa tatu usiku nilikuwa mlangoni kwangu. Asubuhi nilipotoka saa kumi na mbili kutafuta taxi, Land Cruiser ilikuwa nje, bawa limebonyea, injini inanguruma, Papa Méthode amevaa viatu vyote viwili. Alinipeleka mpaka mlango wa ofisi ile. Saa mbili kasoro nilikuwa kwenye foleni. Mahojiano yalichukua saa tatu, na mwezi Oktoba nikapewa karatasi yangu.

Lakini kuna karatasi nyingine. Kanuni ya kampuni inasema wazi kwamba mfanyakazi wa ofisi akigusa chombo cha kuendeshea gari likiwa njiani, ameachishwa kazi siku hiyo hiyo. Kuvunja kanuni kunaripotiwa na dereva, na ripoti za madereva zinaletwa kwa karani azipange kwenye faili. Karani nilikuwa mimi. Siku ya Ijumaa, baada ya sikukuu ya wanawake ya tarehe 9, niliikuta ripoti ya Papa Méthode mezani kwangu, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni: gari liliteleza, bawa limeharibika, sababu ni kosa la dereva. Alikuwa na miaka kumi na mitano bila alama hata moja kwenye kitabu chake. Nilimfuata uani na karatasi ile mkononi, nikamwambia hapana. Aliendelea kuosha tairi. Aliniambia niipange kwenye faili, nisipoteze muda wa kampuni. Na mimi, kwa woga, niliipanga.

Bwana Perumal, kosa lile lilikuwa langu. Papa Méthode anastaafu na miaka kumi na minane safi, na ninaomba kitabu chake kisahihishwe kabla ya saa kumi siku hiyo. Achille, hii pia usiiruke.

Aliyepewa karatasi ya ukimbizi anaweza kufanya mambo mengi. Mimi nilikwenda kuchukua leseni ya mwanafunzi. Papa Méthode alinifundisha Jumamosi asubuhi, kwenye eneo tupu karibu na bandari, akiwa ameweka kikombe cha maji juu ya dashibodi. Maji yakimwagika, tunaanza upya. Nililowanisha magoti kwa miezi saba. Mwaka jana nikapata kibali cha udereva wa kazi, na tangu Januari nimekuwa dereva wa akiba, yeye akiwa kiti cha abiria, akishika mpini wa mlango kwa vidole vilivyokakamaa. Watu waliosafiri naye wanajua kwamba kwenye gari la mtu mwingine Papa Méthode hafumbi jicho. Alikwenda Johannesburg na basi la usiku kwa harusi ya binti yake, akafika amekanyaga breki saa nane mfululizo pale sakafuni.

Jumanne tarehe 14 mwezi huu tulipanda tena kliniki ile ile, na theluji ikatukuta huko huko. Safari hii ilikuwa zamu yangu kushusha. Pale kwenye shingo ya mlima nilisimama, nikazima injini, nikaenda na fimbo kuikagua barabara yote, na niliporudi hakuuliza nilikuwa wapi. Nikavua kiatu. Nikaingiza gia ya chini, nikaweka miguu sakafuni. Kona ya kwanza ikapita. Kona ya pili nyuma ikateleza kidogo, nikatazama ninakotaka kwenda, nikakanyaga mafuta kidogo, gari likanyooka. Nilisubiri maoni. Kimya. Nikadhani anasali, na sikumlaumu. Nilipopata ujasiri wa kugeuza shingo, nikaona kichwa chake kimeegemea kioo, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Alikuwa amelala, na alikuwa anakoroma.

Nilizima redio. Niliendesha mpaka kwenye lami nikilia bila sauti ili nisimwamshe.

Papa Méthode, wote wa Umbilo Road tunakushukuru kwa kila mlima uliotushusha, na kwa hasira ambazo hukutuonyesha hata tulipozistahili. Mama Libérate, asante kwa majivu, maandazi na soksi. Kuanzia Jumatatu tarehe 3 Agosti usukani uko kwangu. Tunakuombea afya, bustani ya mboga za lengalenga inayostawi, wajukuu wanaotii, na popote utakapopanda gari la mtu, usingizi mzito mpaka mlangoni.